Kikohozi cha Purna

Wanangu wa Cedar Hill, hapa hapa Teksasi, mwezi uliopita mlinialika ukumbini kwenu, mkanivisha leso mpya mabegani, mkanikalisha kiti cha mbele kama bibi harusi aliyechelewa, mkasema, "Ma Rukia, tusimulie kazi yako." Nikasimama nikawasimulia. Mie nikipewa kipaza sauti, kunirudisha kitini ni kazi. Mlicheka mpaka mkashika mbavu, na kisa kilichowachekesha zaidi ni kile cha sinia la maua lililomwagikia suruali nyeupe ya tajiri wa Houston mbele ya hekalu, kwa sababu ya yule mwelekezi mpumbavu aliyesahau kutuambia tuzunguke upande gani.

Kisa kile niliwadanganya. Sinia lilianguka kweli, na suruali iliharibika kweli. Lakini mwelekezi hakusahau kitu. Tangu siku ile chakula hakinishuki vizuri, ndipo nikamwomba mpwa wangu Latifa anipigie chapa haya. Mimi nasema, yeye anaandika, na kila baada ya mstari ananiuliza, "Aunty, are you sure?" Andika, mwanangu. Niko sure.

Kwa ambao hamkuwapo siku ile: kazi yangu ilikuwa kupeleka watu kutembea nchi za mbali. Nilikuja Dallas kutoka Mombasa kumfuata mume wangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa akiendesha teksi ya uwanja wa ndege. Nikapata kazi ya kupokea simu katika ofisi ndogo ya safari kule Irving. Mwenye ofisi alikuwa mama mmoja wa Kiteksasi, Glenda, nywele kubwa, roho nzuri, sigara haimtoki mdomoni. Nyie siku hizi mwabonyeza mara tatu mshapata hoteli. Miaka ya tisini tikiti ilikuwa kijitabu cha karatasi, ikipotea ni kilio na matanga, na hoteli tuliziandikia kwa faksi. Jibu lilikuja kesho yake, nusu limefifia, ukakisia mwenyewe kama wamesema ndiyo au wamesema hapana.

Siku moja mwanamke aliyekuwa akiongoza misafara yetu ya Nepali alianguka akavunjika nyonga. Glenda akageuka, akanitazama juu chini. "Rukia, kwenu si huko huko karibu?"

"Karibu sana," nikamjibu.

Jamani! Mombasa na Kathmandu! Lakini nilikuwa nimechoka na masimu yao. Huo ndio uongo wangu wa kwanza katika kazi ile, na ndio ulionipa kazi yenyewe. Labda ndiyo sababu nikauona uongo ni kifaa tu cha kutembelea, pamoja na mwavuli na dawa ya kuhara.

Haya, niwape mawili matatu ya kuwafaa, maana wengine mnasema mnataka kufungua kampuni za kupeleka watu Mombasa na Zanzibar. Hesabu vichwa, usihesabu mabegi. Begi haliendi chooni. Hesabu wakipanda basi, hesabu wakishuka, hesabu mkimaliza kula. Waambie wavae viatu vya kuchomoa tu, visivyo na kamba, kwa sababu kwenye mahekalu viatu huvuliwa, na mtu wa miaka sabini akiinama mara kumi kwa siku, kesho yake utambeba. Wageni wakae kivulini, wewe simama juani. Na mmoja akishauliza choo kiko wapi, hadithi imekwisha, hata kama mfalme bado hajafa.

Hayo nilijifunza mwenyewe. Ya maana zaidi alinifundisha Purna.

Msafara mmoja ulikuwa na viongozi wawili. Kiongozi wa kutoka Dallas nilikuwa mimi, mwenye orodha ya majina na kelele. Wa pili alikuwa mwenyeji wa kule, ambaye tulimwita mwelekezi, na huyo ndiye mwenye elimu. Mwelekezi wetu alikuwa Purna, mtu mwembamba, wa makamo, kofia ya kitambaa imekaa upande, koti limefifia viwikoni. Alikuwa Mnewari. Wanewari ndio wenyeji wa lile bonde la Kathmandu, na ndio mafundi waliojenga viwanja vya wafalme katika miji yake mitatu, kila mfalme akitaka kumpiku jirani yake. Makasri ya matofali mekundu, madirisha ya mbao nyeusi, mahekalu yenye paa juu ya paa, mawili, matatu, mpaka matano, na vikengele vidogo kwenye kingo za paa vinavyolia upepo ukipita.

Siku yangu ya kwanza tulisimama mbele ya kasri la Bhaktapur, mji mmoja wa ile mitatu, lenye madirisha hamsini na tano yamepangana juu safu nzima. Mie na karatasi yangu niliyoisoma kwenye ndege, nikafungua mdomo. Purna akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Didi," akasema, na huko didi ni dada mkubwa, "wape dakika mbili waangalie kwanza. Macho yakishakula, masikio yatafunguka yenyewe."

Basi tukanyamaza. Watu wa Teksasi wakanyamaza dakika mbili nzima, naapa! Na mimi kwa kukosa la kufanya nikaangalia. Baba yangu alikuwa fundi wa nakshi za milango Mji wa Kale. Nimekua nikiokota maranda yake ya kuwashia moto. Nikaangalia lile dirisha, nikaona viungo havina msumari, mti umeingia ndani ya mti, na ua lililochongwa pembeni limepinda kufuata nyuzi za mbao, halikulazimishwa. Nikajikuta nasema kwa Kiswahili, "Laiti Baba angaliona hili."

Purna akaniuliza nimesema nini. Nikamwambia. Kumbe naye ni mtoto wa wachonga mbao, babu na babu. Tangu siku hiyo waongozaji wengine wa kigeni aliwaita madam, mie peke yangu akaniita Didi, na mie nikamwita Dai, yaani kaka.

Sasa sikilizeni tabia yake moja, maana ndiyo yenye kisa. Purna hakunisahihisha hata siku moja mbele ya wageni. Alikuwa akikohoa. Akikohoa mara moja, nimekosea mwaka. Mara mbili, nimekosea mfalme. Mara tatu, nimekosea mungu wa watu, na hapo nilinyamaza kabisa nikajifanya natafuta chupa ya maji. Naye angesogea aseme, "Didi amechoka na jua," aichukue hadithi pale nilipoivunja, aiunge taratibu, mgeni asijue. Bi Dorothy wa Mansfield, mwalimu mstaafu aliyesafiri nasi karibu kila mwaka, aliamini Purna ana pumu. Kila safari alimletea paketi ya peremende za kifua. Purna alizipokea kwa mikono miwili.

Huyo Bi Dorothy siku moja alielekeza darubini yake kwenye nguzo zile za mshazari zinazobeba paa la hekalu. Nguzo hizo zimechongwa miungu, na chini ya miungu wamechongwa wanaume na wanawake katika mambo ya chumbani, waziwazi, bila ya shuka. Nilijua, nilikuwa nikiomba asifike huko. Akafika. "Purna," akasema kwa sauti ya darasani, "wale kule wanafanya nini?"

Purna akatazama juu kwa adabu. "Wanashikilia paa, mama."

Loo, nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu wa namna hiyo alikuwa.

Ikafika safari ya saba. Kiburi si maungwana, nanyi mwalijua hilo, lakini mie nilikuwa nacho debe zima. Nilishajiona mjuzi. Tena safari hiyo tulikuwa na Bwana Harlan wa Houston, mtu wa mafuta, suruali nyeupe, kamera ya video begani, aliyekuja na marafiki zake wanane. Jumla walikuwa kumi na wanne. Glenda alikuwa ameniambia, "Rukia, huyu akifurahi, Houston yote ni yetu."

Asubuhi hiyo tulikuwa tunakwenda uwanja wa wafalme wa Patan, mji mwingine wa ile mitatu. Ndani ya basi Purna alisimama akasema, kama alivyosema kila safari: mtakuta watu wanaabudu, msiwakatize, na mkizunguka hekalu, hekalu likae mkono wenu wa kulia. Mie nilikuwa nagawa maji. Nilimsikia kwa sikio moja, lakini nilimsikia.

Tulipofika, akakwama langoni kwenye tikiti za kuingilia, karani anataka majina yaandikwe upya. Akanipigia ukelele, "Didi, wakalishe pale kwenye ngazi kivulini, nakuja sasa hivi." Maneno mepesi. Wakalishe kwenye ngazi.

Sikuwakalisha. Bwana Harlan alikuwa ameshawasha kamera, ameielekeza kwangu, nami nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kung'ara. Pembeni mwa uwanja palikuwa na hekalu dogo, wanawake wanazunguka na masinia ya mchele, maua na unga mwekundu. Nikawaambia wageni, "Vueni viatu. Leo tutazunguka kama wanavyozunguka wenyeji."

Na sasa niwaambie kilichotokea miguuni mwangu. Safari zote sita mie nilikuwa nyuma ya msafara, nahesabu vichwa. Sikuwahi kuongoza mzunguko. Lakini nilipokuwa mdogo, nyanya yangu alipokuwa akijiandaa kwenda Makka, alituzungusha watoto wote uani, tumezunguka kinu. Kinu ndiyo Kaaba. Kinu mkono wa kushoto, upande wa moyo, akituambia, mara saba, na atakayegeuka nitamfinya. Miguu haisahau kilichofinywa. Nikawachukua watu kumi na wanne na soksi zao, nikawaongoza hekalu likiwa kushoto, moyo wangu umejaa sifa, tukakutana uso kwa uso na wanawake wa watu wanaokwenda njia yao iliyo sawa.

Nyuma yangu nikasikia kikohozi. Purna alikuwa anakuja mbio. Akakohoa mara tatu. Nikajua. Wallahi nilijua pale pale nimekosea nini, maneno ya ndani ya basi yakanirudia yote. Ningeweza kusimama. Lakini kamera ilikuwa inanitazama, nikaona kurudi nyuma ni aibu, nikaongeza mwendo. Kwenye kona bibi mmoja mzee, amebeba sinia lake kwa mikono miwili, akagongana na Bwana Harlan. Sinia chini. Mchele chini, maua chini, unga mwekundu wote kwenye suruali nyeupe. Bibi hakupiga kelele. Alitazama tu vitu vyake vilivyokanyagwa na soksi za watu, akaanza kulia.

Purna alipiga magoti. Akaokota na yule bibi, punje kwa punje, anamsemesha kwa lugha yao. Halafu akasimama, akawageukia wageni, akaweka mikono kifuani. "Marafiki zangu," akasema, "tunarudi kuzunguka upande mwingine. Mimi ndiye mwenye kosa. Sikuwaeleza vizuri."

Mnaona? Alikuwa ametueleza. Aliyasema yale kunisitiri mimi, dada yake, mbele ya wageni. Nami nikatikisa kichwa kwa huzuni, kama bosi aliyeangushwa na mfanyakazi.

Bwana Harlan hakufurahi. Tuliporudi Teksasi akampigia Glenda simu, hasira tupu, aliaibishwa mbele ya marafiki zake, nani anajibu? Glenda akaniita. Hakunigombeza hata. Alisema tu, "Niandikie ilikuwaje." Nikakaa kwenye meza yangu na kikombe cha chai. Nilikuwa na njia mbili. Nikaandika kwamba mwelekezi mwenyeji hakuwapa wageni maelekezo, na kwamba mwenyewe alikiri kosa lake mbele ya watu wote. Nikatia sahihi. Glenda akaiingiza kwenye faksi ya kwenda Kathmandu, kwa kampuni iliyomwajiri Purna, nami nimesimama pale naiona karatasi ikimezwa.

Asante ya punda ni mateke. Nilikuwa nikiusikia msemo huo tangu utotoni, nikidhani wasemewa watu wengine.

Kwa nini nilifanya? Latifa ameniuliza hapa, kaacha kuandika kabisa. Mwanangu, niliogopa kurudishwa kwenye simu. Hakuna zaidi ya hapo. Ningekuwa na sababu kubwa ningekwambia, ingenisaidia.

Safari iliyofuata tulipokelewa na kijana mmoja hodari, anasema haraka, hakohoi. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, Purna yuko wapi. Akasema kampuni yao ilimwondoa kwa ajili ya barua kutoka Dallas, na kampuni nyingine haikumpokea, maana kwenye kazi ile habari hutembea. Sasa anachonga vidirisha vidogo vya kuuzia watalii, karibu na uwanja. Mchana tukiwa Patan nikamwona. Amekaa chini kizingitini mwa duka, mgongo umepinda, patasi mkononi, kofia ile ile upande. Hatua thelathini hivi. Nikawaambia wageni, "Tupite huku, kuna kivuli." Nikawapitisha kichochoroni. Bi Dorothy alikuwapo safari ile, na paketi ya peremende mkobani. Aliniuliza Purna hajambo? Nikamwambia amestaafu.

Basi miaka ikapita. Kukawa na vita kule milimani, watu wakaogopa kwenda, Glenda akafunga ofisi, nami nikamalizia miaka yangu mapokezi ya zahanati moja, narudi kwenye simu zile zile nilizozikimbia. Nikasema yamekwisha. Kumbe!

Jumamosi moja simu ya nyumbani ikalia. Sauti ya msichana. "Rukia Didi?" Alikuwa binti yake Purna, Sarita, amekuja kusomea uuguzi, amepanga chumba Haltom City. Baba yake alikuwa ametunza kadi yangu ya zamani, yenye namba ya nyumbani nyuma yake kwa mwandiko wangu. Alikuwa amemwambia: ukifika Teksasi, mtafute Rukia Didi. Ni mtoto wa fundi, atakupokea.

Alikuja nikampikia pilau, nikampa na maandazi ya kubeba. Akafungua begi, akatoa kitu kimezungushiwa sweta. Kidirisha cha mbao nyeusi, si kikubwa kuliko sinia la chai, hakina msumari. Pembeni mna ua lililopinda kufuata nyuzi za mti.

"Baba alikitengeneza siku nyingi," akasema. "Akasema hiki hakiuzwi, cha mtu."

Nikaingia jikoni nikafungulia maji ya bomba ili asisikie ninavyolia.

Nilikaa wiki mbili na kidirisha kile juu ya meza, nakipita kwa mbali. Halafu nikanunua kadi ya simu, nikampigia.

"Didi," akasema. Sauti imekuwa nyembamba, lakini ni ile ile.

Nikamshukuru kwa zawadi, nikamsifu binti. Kisha nikaanza. "Dai, kuhusu ile barua. Unajua, palikuwa na kutoelewana pale ofisini."

Akakohoa. Mara moja.

Nikadhani ni baridi. "Yaani Glenda alikuwa anasukumwa na mteja, ikabidi kitu kiandikwe."

Mara mbili.

"Na siku ile kila mtu alikosea kidogo, Dai. Hata wewe ulichelewa langoni."

Mara tatu. Na mie, mtu mzima, bibi wa watu, nikajikuta nageuza shingo kutafuta chupa ya maji jikoni kwangu. Nikakaa chini kwenye sakafu. Nikamwambia, "Ni mimi. Ulituambia ndani ya basi, nikasikia. Uliniambia niwakalishe kwenye ngazi, sikuwakalisha. Ulikohoa nikajua, nikaongeza mwendo. Barua niliandika mimi, nikasema hukutuambia. Nikatia sahihi."

Nikafikiri dakika za kadi zimekwisha.

"Sasa umesimulia vizuri, Didi," akasema.

Nikamwomba msamaha, nikalia, nikamwambia niambie la kufanya. Akasema, "Yale niliyosema uwanjani nilikupa mwenyewe, kwa sababu wageni walikuwa wanakutazama. Barua sikukupa. Uliichukua." Halafu akasema, "Waambie wageni."

Nikaitafuta orodha ya safari ya saba. Watatu walikuwa wameshakufa, Bi Dorothy mmoja wao. Nilikwenda Mansfield nikamkuta binti yake tu, mlangoni, hajui hata naongea nini. Wengine niliwapigia simu. Bwana Harlan nikaona si mtu wa simu, nikashika barabara ya Houston, saa nne za kujisemesha garini.

Alikuwa mzee sasa, anatembelea fimbo, lakini alinikumbuka. Nikamwambia. Akanikatalia! "La, yule bwana hakutuambia kitu. Nina kanda." Akamwita mkewe aiweke. Nikajua itaanzia hekaluni, nitaonekana na kilemba changu na fahari yangu. Haikuanzia hekaluni. Ilianzia ndani ya basi: migongo ya viti, kofia za watu, kamera inayumba. Na sauti ya Purna, taratibu, wazi kuliko redio. Mkizunguka hekalu, hekalu likae mkono wenu wa kulia. Mbele kabisa anaonekana mwanamke anagawa maji. Anageuza kichwa, anamtazama Purna anaposema. Ndiyo, nilimtazama kabisa. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimejipunguzia, nikijiambia nilisikia kwa sikio moja.

Bwana Harlan akasimamisha kanda. "Miaka yote hii," akasema, "kila sikukuu wajukuu zangu huniomba kisa cha mwelekezi mjinga." Hakunikaribisha chai, na sikustahili. Mlangoni akauliza, "Alikuwa akiitwa nani?" Nikamtajia. Akalirudia mara mbili ili alishike.

Mngedhani mtu akishapita hapo amepona. Mie pia nilidhani. Wakati wa baridi uliopita Sarita alinipigia, baba yake amefariki, nikaenda Haltom City nikakaa naye siku tatu. Na miezi miwili baadaye nimesimama mbele yenu Cedar Hill, kipaza sauti mkononi, leso mpya mabegani, mnacheka, mnapiga meza, mnataka zaidi. Nikafika pale kwenye kisa cha sinia. Ulimi ukashika njia yake ya zamani, ile rahisi, yenye kuchekesha. "Mwelekezi wetu, mpumbavu mmoja, alikuwa amesahau kutuambia..."

Hapo nilinyamaza kidogo, kama mnakumbuka. Mlidhani nawachezea, mkaanza kucheka kabla sijamaliza. Sikuwa nawachezea. Nilikuwa nasubiri mtu akohoe, na ukumbi mzima hakukohoa mtu, nikaendelea.

Basi nawaomba haya myasome pale pale ukumbini, mbele ya wale wale waliocheka, na mkimaliza msinipigie makofi. Mkikisimulia kisa hiki kwa wengine, kisimulieni hivi: mwelekezi aliitwa Purna. Alituambia asubuhi, ndani ya basi, na mie nilimsikia.